Matawi Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kabisa. Nimetimiza mwezi wa pili kwenye Chama cha Bustani za Asili, Ofisi ya Kanda, bila kuvunja kitu isipokuwa birika, na birika lile lilikuwa na ufa tangu zamani.

Mimi ni karani wa majaribio. Tuko wawili wa majaribio, mimi na Pasi. Jina lake la kweli silipendi hata kuliandika. Tunamwita Pasi kwa sababu shati lake halina kunyanzi asubuhi, halina kunyanzi jioni, halina kunyanzi kwenye mvua. Nadhani analala wima.

Kazi ya chama naieleza hapa ili nikiulizwa ghafla nisibabaike. Tunawashawishi watu wasiache viwanja vya nyumba zao vitupu kama kipara. Wapande mimea ya hapa hapa, wachimbe vishimo vya kupokea mvua, wasichome majani makavu bali wayatandaze udongo ujifunike. Nyuki waje, vipepeo waje, udongo usikimbie na maji. Ni jambo zuri. Watu wanatucheka.

Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Meza mbili, kabati, simu ya mezani, dirisha. Nje ya dirisha kuna mti mkubwa, na leo mkata miti amekuja kuupunguza. Mkata miti anatoza kwa kila tawi, na Mama Mwenyekiti hapendi kupunjwa, kwa hiyo aliniagiza nihesabu matawi yote kabla jamaa hajapanda. Nikahesabu. Nikarudia. Thelathini na moja.

Ndipo simu ikalia. Mama Mwenyekiti hayupo, Pasi yuko msalani akijitazama kwenye kioo. Nikapokea. Alikuwa Mratibu mwenyewe, kutoka Makao Makuu! Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Akauliza hali ya kanda, nikasema salama. Akauliza je, mpaka sasa tuna matawi mangapi?

Bahati iliyoje! Mwingine angesema sijui. Mimi neno hilo silitamki. Mtu aliyesoma mpaka diploma anasemaje sijui? Nikajibu papo hapo: thelathini na moja.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeyahesabu kwa macho yangu asubuhi hii, na hayo ni makubwa tu, madogo sikuyatia. Akauliza yote yako hai? Nikasema yote, isipokuwa moja limekauka, na tunalikata leo kabla ya chakula cha mchana. Akashtuka. "Mnalikata hivi hivi tu?" Nikasema hapana, kwa utaratibu, mtu wa kazi hiyo ameshafika. Akataka kujua changamoto. Sikumficha: manne yana ugomvi na watu wa umeme, na mawili yamevuka mpaka yakaingia kwa jirani, naye analalamika yanamchafulia.

Akavuta pumzi. Akasema tangu aingie kwenye chama hajapata kusikia kanda yenye nguvu namna hii.

Nilishangaa kidogo. Lakini hawa ndio watu wa mazingira, nikajisemea. Mti mmoja tu unawatia machozi. Naipenda kazi hii.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Mama Mwenyekiti ameingia ofisini leo bila kuvua kofia. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na mpaka leo akikutazama unaangalia kucha zako kama ni safi. Akasema Mratibu amempigia simu nyumbani akimpongeza. Matawi thelathini na moja! Kanda inayokua kuliko zote! Mratibu anakuja Jumatano ijayo kuyatembelea.

Mama Mwenyekiti akatuuliza, matawi gani? Chama hiki kina tawi moja kanda nzima, nalo ni yeye, sisi wawili na mume wake, na mume wake anafuata chai.

Nikatazama dirishani. Mti ulikuwa pale. Maana ikaniingia polepole, kama maji baridi kwenye kiatu.

Ingefaa niseme palepale. Najua. Lakini mwezi uliopita tuliambiwa wazi kwamba kanda isiyokua itafutwa mwishoni mwa Machi: ofisi ifungwe, makarani warudi kwao. Kwetu maana yake ni kwa baba, ambaye ameitangazia mitaa miwili kuwa mwanawe ni afisa. Nikifikiria uso wa baba, ulimi unanata.

Kwa hiyo nikasema huo ni mpango wangu, Mama, nilitaka uwe wa kushtukiza.

Mama Mwenyekiti akavua miwani. Akaifuta. Akasema miaka yote hii amebeba miche mlango kwa mlango, watu wakimwita Mama Magugu, na hakujua kwamba hapa ofisini kuna mtu anayefanya kazi kimyakimya. Akaniita mwanangu. Nilitamani sakafu ifunguke.

Pasi akauliza kwa upole, hayo matawi yako wapi?

Nikasema yanakuja.

Yanakuja kutoka wapi?

"Yanachipua," nikasema. Sijui lilitoka wapi neno hilo. (Hapa kwenye shajara naruhusu sijui. Hakuna anayesikia.)

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Rahisi mno, nashangaa haukufikiriwa mapema. Tawi ni nini? Ni uwanja mmoja, mtu mmoja aliyekubali, na jina. Nitapita nyumba kwa nyumba na kupata thelathini na moja, basi.

Nimepita mchana kutwa. Matokeo: mbwa mmoja, ndoo moja ya maji ya nguo, na bibi mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama naweza kumshushia godoro.

Wote nilianza nao kwa bayoanuwai. Labda hilo ndilo kosa. Fundi wa redio aliniuliza kama huo ni ugonjwa na kama unaambukiza.

Jioni nikaingia kwa kinyozi wa mtaani kwetu, si kwa kunyolewa, kwa kukata tamaa. Kinyozi huyu ni mvivu ambaye hata uvivu wake anaufanya akiwa ameketi. Nyuma ya kibanda chake nyasi zinafika kiunoni, na kiti chake cha zamani cha kunyolea kimezama humo, mmea mtambaazi umekipanda mpaka kwenye mto wa kichwa, una maua ya zambarau. Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye maneno "usifagie majani", akazima mashine yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama ni ruhusa hiyo, rasmi, ya chama. Nikasema ni rasmi.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mteja wake akabaki nusu kichwa.

Tawi la Kinyozi limezaliwa! Bado mengine kidogo tu.

Alhamisi, 7 Machi

Ajabu! Nilifika ofisini nikakuta foleni. Wanaume watupu.

Kinyozi ndiye aliyeeneza habari, kiti kwa kiti, kichwa kwa kichwa. Habari yenyewe imefika imepungua njiani: kuna chama, ukijiunga, huruhusiwi tena kufyeka. Wote waliokuwa wamesumbuliwa na wake zao tangu mwaka mpya kuhusu nyasi wamekuja wakiwa na nyuso za watu wa dini.

Dereva wa lori alisema kumbe amekuwa mwanachama miaka saba bila kujua. Fundi wa redio alirudi, bayoanuwai imeshampata, akauliza kama vyombo visivyooshwa navyo vinahesabiwa kuwa mazingira. Nikasema tutalitazama. Nilimwogopa, ana bisibisi.

Kabla ya mchana nilikuwa na matawi tisa. Mama Mwenyekiti alikuwa kwenye mkutano wa shule, hakuwaona. Afadhali.

Pasi aliwaona. Alikaa na kalamu yake bila kuandika. Kisha akasema naye ana tawi, nyumbani kwa kaka yake, na litakuwa zuri kuliko yangu yote. Nikamtakia heri. Nikamfichia mashine ya kubana karatasi.

Ijumaa, 8 Machi

Msiba wa nyumbani.

Naishi kwa shangazi. Shangazi hufagia uwanja wake kila alfajiri mpaka unang'aa. Kuku wa jirani akipita anapita kwa ncha za vidole. Nikaona haya: nawezaje kuhubiri mitaani huku kwetu hapana hata jani? Mpango: kuficha ufagio. Siku tano bila ufagio, majani yatajiangukia yenyewe, na shangazi atakuwa tawi bila kushauriwa.

Nilificha ufagio chini ya godoro langu. Ni mrefu, nikaukunja. Ukakunjuka.

Shangazi hakupiga kelele. Ni mbaya zaidi asipopiga kelele. Alisimama mlangoni na ufagio uliovunjika akaniuliza kama nimeoa. Nikasema hapana, shangazi. Akasema alidhani, maana amekuta kitu cha kike kitandani. Kisha akataka maelezo. Nikatoa maelezo: nyasi za asili, vipepeo, maji ya mvua.

"Sikiliza, we mtoto wa kaka yangu," akasema. "Siku nyasi zikiota kwenye uwanja wangu, na wewe utaenda kuota ndoto zako kwa baba yako."

Nimenunua ufagio mpya. Tena wa bei ya juu, ili kusiwe na maneno.

Jumamosi, 9 Machi

Wake wamekuja.

Nilikuwa ofisini peke yangu na Mama Mwenyekiti, nikimsomea majina ya matawi, naye akitikisa kichwa kwa furaha, ndipo mlango ukafunguka bila hodi. Mke wa dereva wa lori mbele, mwanamke dobi, jirani yetu, nyuma yake, na wengine mpaka nje kwenye duka la rangi. Mke wa dereva akaweka panga mezani. Nikaingia nyuma ya kabati. Si kwa woga. Kulikuwa na faili.

Akauliza ni nani hapa anayewafundisha waume za watu kulala. Mumewe jana amemwambia kwamba akigusa nyasi atakamatwa na Makao Makuu.

Nilidhani Mama Mwenyekiti atafukuza watu au atafukuzwa. Badala yake akavuta kiti, akamkaribisha mke wa dereva aketi, akamuuliza kama kuna mtu amemwambia kazi yenyewe. Kazi gani? Ndipo Mama Mwenyekiti akaanza, na hakutaja bayoanuwai hata mara moja. Kwanza kung'oa magugu yaliyotoka mbali, na mizizi yake, kwa mkono. Pili kuchimba shimo la kupokea maji ya bati, la kina cha goti. Tatu kubeba majani na kuyatandaza. Nne kupanda, na kumwagilia mpaka mche ushike. Bustani ya asili mwaka wa kwanza, akasema, inamtoa mtu jasho kuliko shamba.

Wanawake wakatazamana. Mke wa dereva akauliza polepole: na hao wanaume wameshajiunga?

Mama Mwenyekiti akasema majina haya hapa.

Na mtu akishajiunga anaweza kutoka?

Mama Mwenyekiti akamtazama usoni. "Kwa idhini ya mkewe," akasema.

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Mwenye duka la rangi alikuja kuuliza kama kuna harusi. Mke wa dereva amechukua panga lake na uenyekiti wa tawi lake. Mwanamke dobi naye ameondoka mwenyekiti wa tawi la mtaa wetu.

Jumapili, 10 Machi

Mtaa mzima ni majembe. Kinyozi, ambaye hana mke, alidhani amepona, lakini dada yake amehamia kwake kwa muda. Nilipopita alikuwa ndani ya shimo, jasho linamtiririka. Akanitazama kama mtu aliyeuzwa. Nikajifanya nasoma bango.

Fundi wa redio aliniuliza kama bado naweza kumfuta. Nikamwambia alete idhini.

Habari kubwa iko nyumbani. Shangazi alisikia kwamba mwanamke dobi ni mwenyekiti. Hao wawili wanagombea kamba ya nguo tangu sijazaliwa. Alinitengea chakula, akakaa mbele yangu, akauliza kwa sauti tamu hivi mwenyekiti wa tawi hufanya nini hasa. Nikasema husimamia. Akauliza na mtaa mmoja unaweza kuwa na matawi mangapi. Nikasema hakuna kikomo! Akanipa kipande kingine cha nyama.

Jioni shangazi alichora mstari katikati ya uwanja wake. Upande huu atafagia mpaka afe. Upande ule ni tawi. Ameniamuru nichimbe shimo. Nimechimba. Viganja vyangu vimekuwa kama nyanya. Shangazi alisimama ukingoni akisema kwa mtu wa diploma nachimba kama naandika.

Jumatatu, 11 Machi

Tawi la Pasi tumeliona. Kapanga mawe kwa mistari, kayapaka rangi nyeupe. Shina la mti, jeupe. Majani makavu yamewekwa safu safu, yote yakitazama upande mmoja. Mama Mwenyekiti akazunguka, kisha akauliza hapa panahifadhiwa nini, rangi? Niliinama kufunga kamba ya kiatu ili nicheke. Viatu vyangu havina kamba. Pasi aliona.

Lakini hesabu! Hata tukimtia Pasi na mawe yake, na shangazi, na dobi, tuna matawi kumi na manne. Thelathini na moja iko mbali sana. Sijala mchana.

Jioni nimepata mpango. Uwanja wa kinyozi una milango miwili: mmoja wa kupitia kibandani, mwingine wa uchochoro wa nyuma. Wa dereva una mitatu. Mgeni hajui mtaa. Nikimzungusha vizuri, ukiingia huku ni tawi hili, ukiingia kule ni tawi lile. Kumi na manne yanazaa mengine bila jasho. Wenye matawi wabadilishe makoti tu.

Kinyozi alikataa. Nikamwahidi kumshikia jembe siku mbili. Akakubali. Nitaumwa siku hizo.

Jumatano, 13 Machi

Niandike yote kabla sijazimia.

Mratibu alifika asubuhi na buti za mpira na kofia ya majani. Mnene, mpole, anapenda kila kitu. Alimkumbatia Mama Mwenyekiti. Alinishika bega akasema sauti yangu kwenye simu ilimpa usingizi mzuri. Tukaondoka, mimi mbele, Mama Mwenyekiti na Pasi nyuma.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kwa dereva wa lori mashimo yamenyooka, mkewe alieleza kazi kama amezaliwa nayo, dereva alisimama kando akisema ndiyo mke wangu. Kwa dobi, miche imepandwa chini ya kamba ya nguo inywe maji yanayodondoka. Mratibu alipiga makofi. Kwa shangazi alivuka ule mstari na buti zenye tope, akaelekea upande uliofagiwa, na shangazi akamrudisha kwa ufagio. Mratibu akaomba radhi. Kwa ufagio!

Kwa kinyozi tuliingia kibandani. Mratibu akakiona kile kiti ndani ya mtambaazi, akakisifu sana. Kisha nikamtoa, nikamzungusha nyuma ya kinu cha kusaga, nikamrudisha kwa uchochoro. Kinyozi alikuwa amevaa koti la mvua na miwani ya dada yake. Akagonga mti.

Mratibu akasimama. Akasema kiti hiki amekiona.

Mama Mwenyekiti akanitazama. Pasi akanitazama. Kinyozi angenitazama lakini hakuwa anaona.

Nikasema ndiyo, ni utaratibu wetu. Kila tawi hupewa kiti kimoja.

Mratibu akauliza cha kunyolea?

"Cha kutafakari," nikasema.

Akakaa juu yake kujaribu. Akasema ataipeleka hoja hiyo Makao Makuu, kila tawi la nchi lipate. Jasho lilinifika kwenye soksi.

Tukarudi ofisini kunywa chai. Shangazi, dobi na mke wa dereva wakatufuata, maana ni wenyeviti, na mwenyekiti hakosi chai. Mratibu akauliza yaliyobaki tutayaona lini. Ndipo Pasi, kwa ile sauti yake iliyonyooshwa, akasema labda karani mwenzake amweleze kwanza mgeni habari za lile tawi lililokauka.

Mratibu akasema naam, lile! Limemsikitisha sana. Mwenyekiti wake yuko wapi sasa?

Nilitaka kudanganya, Mungu anajua. Lakini nikiogopa sana akili inafunga duka, na kinachotoka ni kile kilichopo.

Nikasema halikuwa na mwenyekiti. Lilikuwa na ndege.

Ndege?

Kiota, nikasema.

Akaweka kikombe chini. Na wanachama walikwenda wapi?

"Waliruka."

Na mali za tawi?

Nikasema jirani alichukua kuni.

Mratibu akageuka taratibu akatazama dirishani. Mti ulikuwa pale na kovu lake jeupe pale msumeno ulipopita. Akatazama nyaya za umeme. Akatazama ukuta wa jirani. Kidole chake kikaanza kupanda hewani, moja, mbili, tatu. Nilimwona baba kwenye baraza akiwaambia majirani kwamba afisa amerudi.

Mratibu akanigeukia akauliza je, kanda ina matawi mangapi ya watu?

Kabla sijafungua mdomo, shangazi akasimama. Akasema huyu mtoto ni mwoga tangu anatambaa, alikuwa akiogopa kivuli cha sufuria, na akiogopa anasema chochote. Lakini mashimo yale hayakuchimbwa kwa simu. Mgongo wake unauma, na mgongo wake hausemi uongo. Mke wa dereva akasema wa kwake pia. Dobi akasema hakubaliani na shangazi kwa lolote tangu azaliwe, ila kwa hili anakubaliana. Mama Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kengele ya shule: kumi na manne, nimeyahesabu, nimetoa vinyozi waliozidi.

Mratibu aliketi. Uso ukamvimba. Nikadhani ni hasira, nikashika kabati. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akisema "wanachama waliruka", akifuta macho, akianza upya. Akasema tawi moja kuwa kumi na manne kwa siku nane, hakuna kanda iliyofanya hata nusu. Kanda haifutwi. Ofisi inabaki.

Nilizimia kidogo. Sekunde mbili tatu. Pasi ndiye aliyenimwagia maji, na hakuchagua ya baridi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Mwenyekiti hakucheka. Alinikalisha mbele yake. Akasema wanawake wale wameniokoa mimi, lakini mimi nilikuwa naelekea kuwazamisha wao, na kama Mratibu angekuwa mtu wa hasira, leo wangekuwa na mashimo tu na aibu. Nikalia kidogo. Kweli nililia.

Akasema neno sijui lina herufi tano na halijaua mtu. Nilitamke. Nikafungua mdomo. Likakwama. Akasubiri. Likatoka "si", kisha kikohozi. Akasema tena. Mwishowe likatoka zima, na mbingu hazikuanguka. Alinifanya nilirudie mpaka mwenye duka la rangi akachungulia kuuliza ni nini hicho nisichokijua.

Nimepona. Nasema kwa dhati. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Nikiulizwa nisilolijua, nitasema.

Jumatatu, 18 Machi

Matawi yamefika kumi na tisa, ya watu. Mratibu amepiga simu, safari hii kwa wote tuliomo ofisini. Kuna nafasi moja ya kudumu: Karani wa Matawi, wa kuzunguka kanda nzima kukagua. Chama kinatoa pikipiki. Anataka kujua ni nani kati yetu anayejua kuendesha.

Pasi akasema hajui. Hivyo hivyo, wazi, bila haya. Nilimhurumia.

Mratibu akauliza na wewe, kijana wa ndege? Nikavuta pumzi. Neno lilikuwa tayari ulimini, herufi zote tano. Mama Mwenyekiti alikuwa akinitazama kwa upendo.

"Tangu utotoni," nikasema.

Nimethibitishwa kazini! Nimempigia baba, nimemsikia akitoka nje kuwaambia watu. Shangazi ameimba.

Pikipiki imeletwa jioni, nyekundu, inang'aa. Kesho nampakia Mratibu mwenyewe mpaka kwenye matawi ya mlimani. Mama Mwenyekiti ameniuliza kama nina wasiwasi wowote, nikasema hata kidogo. Nimeizunguka, nimeikagua kwa makini kama afisa. Kila kitu kipo, ila pedali za kuzungushia mnyororo wamesahau kuzifunga. Sikutaka kuwaaibisha mbele ya watu. Nitawakumbusha kesho.